Zamu ya Maji

Tangu Juni mlima hatujauona.
Wingu limeilalia Machame kama blanketi la hospitali,
zito, la kijivu, lenye harufu ya mtu mwingine.
Mtoto ananiuliza, Mama, Kibo imeenda wapi?
Ipo, namwambia. Kunywa uji.

Kundaeli alianguka kutoka kwenye mgrivea
Januari, tarehe kumi na tisa, saa nne asubuhi,
akipunguza matawi yaliyoinyima kahawa jua.
Panga lilitangulia, yeye akafuata.
Tangu siku hiyo miguu yake imelala
hata yeye akiwa macho.

Nimeuza ng'ombe. Nimeuza cherehani.
Karatasi ya SACCOS naikunja kila usiku,
naikunjua kila asubuhi,
kana kwamba tarakimu hupungua kwa kukunjwa.
Na juma lililopita shemeji yangu Aminieli
aling'oa isale za mpakani usiku, akazipanda
hatua sita ndani ya kihamba chetu.
Sita. Nilizipima mimi,
maana mwenye mpaka hana tena miguu ya kupimia.

Akina mama wa jumuiya walikuja na mkungu wa ndizi.
Mwinjilisti akasema Mungu hamtwishi mtu
mzigo asioweza kuubeba.
Nikamtazama viatu.
Nilitaka kumwambia, ubebe huu hatua kumi tu,
mpaka pale kwenye zizi tupu,
kisha urudi useme tena.
Nikamwambia, karibu chai.

Maombi yaliniishia mwezi wa tatu.
Yaliisha kama chumvi:
unatikisa kopo, unasikia kopo.

Jumatano nilikuwa natoka dukani kukopa
mvua ikanikuta, nikaingia kanisani.
Kwa sababu ya mvua, nasema; nisijisingizie imani.
Alikuwamo Ndeshukurwa peke yake, anapiga deki.
Hakuniuliza habari za mgonjwa.
Alinirushia tambara bichi, akasema,
Safu za kushoto bado.

Nikafuta. Benchi la kwanza, la pili, la tano,
mpaka lile la nyuma kabisa, karibu na mlango,
anapokaa Kundaeli ili awahi kutoroka
kabla ya mnada wa kuku na ndizi.
Hapo mkono ulikataa.
Nililaza shavu juu ya ubao.
Ulinuka sabuni.
Sikusema neno. Mabati yalinisemea,
kwa sauti ambayo nisingethubutu.

Leo zamu ya maji ni yetu, saa kumi za usiku.
Nimepanda hadi kwenye mfongo na jembe na tochi ya simu,
na njiani nimechuma jani moja la isale
kwenye mpaka mpya wa Aminieli (unisamehe hilo pia),
nimelipiga fundo, nimesimama gizani.

Bwana, nimekushikia isale.
Kwetu anayekuja nalo hafukuzwi,
hata angekuwa amemwaga damu.
Sijui kati yangu na wewe
ni nani aliyemkosea mwenzake.
Nifungulie tu.
Tutahesabiana huko ndani. Hapa nje kuna baridi.

Kisha nikaondoa matope na kigogo cha mgomba
kilichoziba mdomo wa mfereji,
kwa sababu zamu haimsubiri anayesali.
Maji yakaja.
Yalinishika vifundo vya miguu, makali,
yana ubaridi wa barafu nisiyoiona tangu Juni.
Nilisimama humo mpaka vidole vikapotea,
nikasema, kumbe Kundaeli anahisi hivi,
kumbe hahisi hivi,
na nikalia kwa sauti, kwa kuwa maji nayo yana kelele.

Kumekucha. Wingu liko palepale.
Deni liko palepale. Hatua sita, palepale.
Kahawa imekunywa.
Mtoto amesimama mlangoni, amejifunga kanga yangu,
anashangaa miguu yangu.
Ni Kibo hiyo, namwambia. Shika.
Anainama, anagusa kwa kidole kimoja.
Ya baridi, anasema.
Ndiyo, nasema. Ya baridi sana.
Twende tumgeuze baba.